Blanketi la Mashine

Mpaka leo nikiona kiyoyozi kimefunikwa nje ya nyumba ya mtu, mwili unanisisimka. Wapita njia wanasema mwenye nyumba hii ni mtu wa kutunza vitu. Mimi nauliza moyoni: na waliomo ndani?

Changu nilikinunua Golf, mtaa wa matajiri, kwa watu waliokuwa wakihama. Sisi tunakiita clim. Katika kijia chetu cha mtaa wa Kenya hakuna mwingine aliyekuwa nacho, na nisijifanye mnyenyekevu, nilipenda watu wasimame waangalie. Nilikifunga katika chumba cha wageni, nikaziba kila tundu la chumba hicho, madirisha, chini ya dari, hata pembeni mwa mlango, ili ubaridi nilioulipia usitoroke. Mashine ya nje, ile yenye feni, ikakaa chini ya dirisha ndani ya wavu wa chuma wenye kufuli. Mirija yake ni ya shaba, na katika mji huu wa shaba, shaba ndiyo inayoibwa kwanza.

Mwezi wa sita baridi iliingia na upepo wake wa vumbi jekundu. Nikakumbuka nilivyoona Golf, mashine zote zimevalishwa, nikasema yangu haitakaa uchi. Nikazima umeme wake, nikaisugua vumbi kwa brashi, nikaizungushia blanketi la kijivu, zito kuliko yote nyumbani. Juu yake turubai, juu ya turubai kamba za mpira, fundo juu ya fundo. Kazi hiyo ilinichukua asubuhi nzima. Nilipoinua kichwa nikamwona mama mkwe wangu amesimama dirishani, ananitazama. Macho yetu yalipokutana, yeye akageuka, nami nikageuka.

Alikuwa amekuja kutibiwa macho kutoka Kilwa, si ile ya pwani, hii yetu ya ziwani ambako joto halimwachi mtu, tukampa chumba kile cha wageni. Na kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamketi pamoja, hamli pamoja, hamsemeshani uso kwa uso, na chumba anacholala yeye, wewe hukanyagi. Haya hiyo ndiyo tunaiita buko. Iko sherehe ya kuiondoa: wakwe wanapika, wanakuita, unakula mbele yao, na tangu siku hiyo mko huru. Yetu tuliiahirisha mwaka hadi mwaka, mara kuna msiba, mara barabara ya Kilwa imeharibika, hadi ndoa ikafika miaka kumi na miwili. Kwa hiyo neno lake lolote lilinifikia kupitia mke wangu. Siku ile aliniletea hili:

“Mama anasema, bwana yako anachunga bintu yake muzuri sana.”

Nikafurahi. Mjinga mimi, nilitabasamu kabisa.

Baada ya siku tatu mke wangu akanijia tena. “Papa, mama iko nasikia baridi mubaya. Ile clim si inatosha chaud pia? Tuwashe.”

Nililijua jambo hilo. Aliyeniuzia alinionyesha kwenye rimoti alama ya jua, akasema mashine hii ukitaka baridi inatoa, ukitaka joto inatoa. Lakini nikafikiria mafundo yangu, nikafikiria vumbi, na umeme wetu unaopanda na kushuka kama homa. “Nifungue tena?” nikamwambia. “Baridi ni ya miezi mbili tu. Umuongezee mama kitenge.” Ni maneno yangu mwenyewe, sikusingiziwa.

Jumapili mke wangu na watoto walikwenda kanisani. Mama alibaki kwa sababu ya kikohozi, nami nikabaki kwa sababu ya uvivu. Nikaketi mwisho wa ua, kwenye jua, mbali na mlango kama adabu inavyotaka. Mbabula ya makaa ambayo mke wangu alichemshia maji ya chai ilikuwa mbele ya jiko, bado nyekundu. Nikasinzia kidogo. Nilipofumbua macho, mbabula haikuwepo.

Sikushtuka. Nani hapa hakukua na mbabula ndani wakati wa baridi? Nyumba za wazazi wetu zilikuwa na matundu kila mahali, moshi ukiingia na kutoka ulivyotaka. Nikasema, vizuri, mama ameiingiza chumbani, anaota moto. Kikohozi chake nilikuwa nakisikia kupitia ukuta. Halafu sikukisikia tena, nikasema, vizuri, joto limemsaidia.

Ndipo nikakumbuka nilivyoziba chumba kile.

Nikakimbia mpaka mlangoni mwa chumba chake, nikaita, “Mama!” Yeye hunijibu kwa kupiga makofi mawili. Makofi sikusikia. Nikaita tena. Na hapa ndipo ninapojishangaa mpaka leo: mkono wangu ulikuwa kwenye kitasa, na sikukizungusha. Niliona aibu. Nilimfikiria amelala bila kitenge, nikafikiria watu wa Kilwa watasema nini. Nikaacha kitasa, nikatoka mbio kumwita mama jirani ili aingie yeye.

Mama jirani alikuwa anasugua sufuria. Nikamweleza. Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

“Muntu iko nakufa, na weye uko naogopa buko?” Akatupa sufuria chini. “Ingia!”

Nikaingia. Joto lilinipiga usoni. Mama alikuwa ameanguka kati ya kitanda na mbabula, amevaa nguo zake zote alizokuja nazo, kitenge juu ya kitenge, mdomo wazi. Nikamshika kwapani, mimi ambaye sijawahi hata kumpa mkono, nikamburuta mpaka uani. Alikuwa mwepesi. Hilo nalo lilinishtua, kwamba mtu niliyemwogopa miaka yote hiyo alikuwa mwepesi hivyo.

Jirani akamlaza ubavu, akampepea kwa sinia. Nilikuwa nasema “Mama, samahani, mama, samahani,” kama kwamba samahani ni dawa. Hatimaye akakoroma, akatapika, akavuta pumzi ndefu, meno yakaanza kugongana.

“Lete kintu ya kumufunika!” jirani akanifokea. “Bwana yangu anakwenda kutafuta teksi, weye lete kintu!”

Blanketi zito nyumbani mwetu lilikuwa moja tu. Ufunguo wa kufuli sikuuona upesi, nikaingiza mikono kwenye wavu, nikakata kamba kwa kisu cha jikoni, nikang'oa turubai, nikalivuta blanketi lile kupitia vyuma mpaka likachanika pembeni. Lilikuwa jekundu kwa vumbi. Nikamfunika mpaka shingoni, nikapiga magoti mbele yake.

Mama akafumbua macho. Akalipapasa blanketi, akalitambua. Akageuza kichwa polepole kuelekea dirishani, kisha akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili akanisemesha mwenyewe, kwa sauti ya upole kabisa:

“Baba, sasa ile mashini utaifunika na nini?”