Chumba cha Kioo cha Alawa Fundi Saa

Alawa alitengeneza saa chini ya ngazi za nyumba ya zamani karibu na soko, hapa mjini kwetu Kusantina, tangu alipokuwa kijana mpaka mvi zikamjaa. Mahali penyewe palikuwa shimo. Kuingia ni kuinama, na ukishaingia huna pa kuweka miguu. Lakini kila kitu kilikuwa pale mkono ulipokitarajia: bisibisi kulia, vibano kushoto, na mbele yake meza ya mti wa mjozi yenye droo pana iliyotandikwa ngozi, ili skrubu ikidondoka isipotee. Juu ya kichwa chake lilining'inia tundu la chiriku.

Hapa kwetu kinyozi ana chiriku, muuza nyama ana chiriku, na mlinzi wa benki huja na wake asubuhi akiwa amemfunika kitambaa kama mtoto mchanga. Wa Alawa aliitwa Kadhi, kwa sababu alipenda kuimba pale watu wawili wanapogombana. Wateja walikuwa wakibishana bei makusudi ili wamsikie.

Kisha nyumba ile ikapata nyufa, manispaa ikaifunga, na sisi mafundi tuliokuwa tumejibanza ndani yake tukahamishiwa jengo jipya la mafundi, juu upande wa kituo cha mabasi. Mimi nashona viatu. Nilipewa chumba kinachotazamana na cha Alawa, kwa hiyo haya ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, nikiwa na kiatu mkononi.

Vyumba vyote ni sawa. Kuta mbili za kioo, ukuta wa nyuma wa saruji, meza ya chuma yenye rangi nyeupe, na juu taa ndefu nyeupe inayomfanya kila mtu aonekane ametoka hospitali. Msimamizi wa jengo, Bi Wasila, alituambia wazo lake ni kwamba wageni wapite wakituona tunavyofanya kazi. Ni mwanamke mwema, na alisema kwa moyo mweupe. Khemisi, fundi shaba, akamjibu, "Na karanga tutajinunulia, au watatutupia kama nyani?" Bi Wasila akacheka kuliko sisi sote.

Alawa hakucheka. Alikaa kwenye meza yake nyeupe akaweka jicho kwenye lenzi, na mtu akapita. Akainua kichwa. Akainama tena, mwingine akapita. Skrubu ndogo kama punje ya mchanga ikamponyoka, ikagonga chuma, ikaruka. Tuliitafuta sote sakafuni, Khemisi akiwa amelala kifudifudi na tumbo lake lote lile, na hatukuipata.

Wiki zikapita hivyo. Saa alizozitengeneza zikaanza kurudi. Mwalimu mmoja mstaafu alirudisha yake akaiweka mezani bila neno, na hilo lilimuuma Alawa kuliko kama angetukanwa. Mikono ambayo haikuwahi kumsaliti ilianza kutetemeka mara tu anapokaa.

Na Kadhi alikuwa kimya. Tangu siku ya kuhama hakutoa hata mlio mmoja.

Hilo ndilo lililowashughulisha watu. Hakuna aliyemuuliza Alawa hali yake, lakini kuhusu ndege kila mmoja alikuwa daktari.

"Anapukutisha manyoya huyo," alisema kinyozi. "Mpe yai la kuchemsha."

"Yai gani! Mpe mbegu za mbaruti, za mlimani, siyo hizo takataka za dukani," alidakia mwingine.

"Ni husuda," alisema Khemisi. "Mtu amemtazama vibaya. Namshuku fundi viatu, ana jicho bovu."

Nikaona haya, nikainamia kiatu changu.

"Hapapendi hapa, basi," alisema Alawa. "Ndege ana haki ya kutopapenda mahali."

Jioni ile, tukifunga, aliniambia kitu ambacho hakuwaambia wengine. Bi Wasila alitaka kabla ya Ramadhani kila fundi aseme kama anabaki au anarudisha ufunguo, kwa kuwa kuna wauza simu wanaovitaka vyumba. "Mimi nitarudisha," alisema. "Mikono imekwisha, ndugu yangu. Nitakaa nyumbani nimsumbue mke wangu Zubeida."

Fundi saa wa umri ule akirudisha ufunguo, hatafuti chumba kingine. Kazi imekwisha hapo. Nilimwambia tu, "Ngoja kwanza tumtafutie ndege dawa."

Nadhani lilikuwa jambo jema kusema, maana kwa ajili ya ndege Alawa alikuwa tayari kufanya mambo ambayo kwa ajili yake mwenyewe angeyaonea aibu.

Kesho yake alimleta mkewe kupima kioo. Zubeida hutarizi magauni ya mahameli ya maharusi kwa nyuzi za dhahabu, na nyumbani kwake mabaki ya mahameli hayaishi.

"Anajiona kwenye kioo," Alawa alimweleza. "Anadhani kuna chiriku mwingine. Ndiyo maana amenyamaza."

"Anajiona," alisema Zubeida, akivuta utepe wa kupimia. "Na wewe je, unamwona nani?"

"Mimi nahusika vipi?"

"Hata kidogo, Baba Munira. Shika huku, nyoosha."

Alishona pazia la mahameli ya rangi ya zabibu nyeusi, vipande vya magauni kumi ya watu, kingo zake zikiwa bado na chembe za dhahabu. Lakini hakulifikisha chini. Alilikata pale kidevu cha mumewe kinapofika akiwa amekaa. Kutoka nje ulionekana mwili bila kichwa: mikono miwili, saa iliyofunguliwa, mwanga. Ukitaka kumsalimu Alawa ilibidi uiname.

Bi Wasila alikuja mbio. "Ami Alawa, tulikubaliana wageni waone!"

"Waone mikono, binti yangu. Uso wangu una nini cha kutazamwa? Mke wangu mwenyewe ameuchoka."

Bi Wasila aliinama, akatazama, akarudi nyuma, akatazama tena. Kusema kweli watu walikuwa wanasimama pale kuliko kwenye chumba kingine chochote. "Basi liache," alisema, "lakini usimwambie Khemisi nimekuruhusu." Khemisi alikuwa nyuma yake.

Baada ya pazia mengine yakafuata, na kila moja lilikuwa la ndege. Meza ya chuma inang'aa, mwanga unaruka unampiga Kadhi machoni: basi ile meza ya mjozi ikaletwa kutoka nyumbani kwa mkokoteni, ya chuma ikapelekwa stoo. Hewa inanuka rangi mpya, mapafu ya ndege ni madogo: Zubeida akaleta chungu cha mrehani, na kikopo cha maji ya maua ya mchungwa aliyoyatengeneza mwenyewe, ya kunyunyiza asubuhi. Taa ya juu inamchosha: ikaja taa fupi ya shingo inayopinda, yenye mwanga wa manjano. Nilimsaidia kubeba. Chumba kikawa kizuri hata mimi, nikiwa nimechoka, nilikuwa nakigeukia kama mtu anavyogeukia dirisha.

Na mikono ikatulia kidogo. Alibadilisha betri, akaunganisha mikanda, akasafisha saa za ukutani. Ila saa za zamani za kutia ufunguo, zile zenye springi nyembamba kama unywele, ambazo watu walimletea kutoka miji mingine, hizo bado zilimshinda. Alizifungua akazifunga. Na Kadhi hakuimba.

Alawa akasema kimebaki kitu kimoja, naye alikijua. Kule chini ya ngazi kulikuwa na picha ya marehemu mjomba wake, Salah, aliyemfundisha kazi. Niliikumbuka ile picha. Mzee amevaa tarbushi, midomo ameibana, anatazama kama aliyepewa saa mbovu na mpiga picha. Alawa aliapa kwamba chumba hakijakamilika bila yeye. Lakini ukuta wa nyuma ulipinda misumari yote, saruji ngumu kama jiwe la korongo linalopasua mji wetu. Basi akaitundika mbele, kwenye fimbo ya pazia, kando ya tundu, usawa wa macho yake.

Siku hiyohiyo mwanawe Munira akamtumia kwenye simu sauti ya chiriku mmoja wa mji wa Annaba, bingwa, ambaye watu husafiri kwenda kumsikiliza. Wenye ndege wote hufanya hivyo: unamchezea mwanafunzi sauti ya mwalimu ili ajifunze. Alawa aliilaza simu mezani, ikaimba toka asubuhi. Ilikuwa sauti ya ajabu kwelikweli. Kadhi akashuka kutoka kijiti cha juu, akaenda cha chini, akajikunja kama mpira wa pamba.

"Anasikiliza," alisema Alawa. "Anajifunza."

Hali ikawa mbaya kuliko mwanzo. Alawa akawa anaikamata springi kwa kibano, anainua macho, anaiweka chini. Anaikamata tena. Siku moja aliifinya springi ya saa ya mteja mpaka ikapinda. Akafuta mikono, akavua lenzi, akaniambia kwa sauti ya kawaida, "Kesho nampa Bi Wasila ufunguo wake."

Asubuhi iliyofuata nilifanya jambo nisilolizoea. Nilipanda mpaka soko la ndege nikamwita Hamu, mzee anayeuza matundu na ambaye neno lake juu ya chiriku halipingwi na mtu. Nilimwambia kwa maneno machache, yeye akayaongeza njiani. Tulipofika, Zubeida alikuwa amekuja na kahawa, kwa kuwa alijua leo ni siku ya ufunguo, na Khemisi alikuwa amesimama mlangoni akijifanya amepita tu.

Hamu aliinama chini ya pazia, akaingia. Hakumsalimu mtu. Alimtazama ndege, akaitazama simu.

"Nani huyo anayepiga kelele?"

"Bingwa wa Annaba, ami. Nimemwekea ajifunze."

"Ajifunze nini? Huyu ni mtoto? Huyu ndege wako ana miaka mingapi? Ni mwanamume mzima, ana wimbo wake. Umemwekea bingwa usoni toka asubuhi mpaka jioni, halafu unataka afungue mdomo. Ungefungua wewe?" Akaidaka simu akaizima mwenyewe. "Na huyo asiyejua kitu aliyekushauri, mtoe humu."

"Nilijishauri mwenyewe."

"Basi jitoe."

Khemisi alicheka mpaka akashika kioo. Alawa naye alianza kutabasamu, akainua macho kumjibu Hamu, na macho yake yakagonga picha ya mjomba Salah iliyokuwa mbele yake. Tabasamu likakatika. Niliona mkono wake wa kulia, uliokuwa umelala mezani, ukianza kutetemeka peke yake.

Zubeida naye aliona. Aliweka kikombe chini.

"Kule chini ya ngazi ilikuwa wapi hii picha?"

"Nyuma yangu. Karibu na mlango."

"Miaka yote?"

"Miaka yote." Akaielekeza picha kwa kidevu. "Alikuwa akisimama mbele ya meza namna hii. Nilipokuwa mwanafunzi. Hasemi kitu, anatazama tu, mpaka nadondosha. Siku aliponiambia sasa wewe ni fundi, alihamia nyuma yangu, kwenye kigoda cha mlangoni. Hakurudi mbele tena mpaka anakufa."

Hamu alikuwa akimpigia ndege mluzi mdogo.

"Khemisi," alisema Zubeida, "una mashine ya kutoboa, au una tumbo tu?"

Khemisi akaileta. Saruji ile ililia jengo zima, vumbi likajaa kwenye kahawa, na mjomba Salah akapanda ukutani, nyuma ya kiti cha mpwa wake, akitazama mgongo. Alawa alifuta vumbi mezani kwa kiganja. Akatuambia, "Ondokeni sasa, nyote. Mmenijazia chumba."

Tukaondoka. Nilikaa kwangu, nikashika sindano, lakini sikushona. Chini ya mahameli niliiona mikono yake ikifungua saa ya mwalimu mstaafu, ile iliyorudishwa. Alitoa springi, akaitazama kwa muda, akaanza kuinyoosha.

Bi Wasila alifika katikati ya kazi hiyo. Aliinama, akaingia, akasimama kando ya taa.

"Ami Alawa, samahani. Ni ile habari ya ufunguo. Kuna kijana wa simu anangoja jibu."

"Sogea kidogo, binti yangu. Umenizibia mwanga."

Akasogea. Kibano kilishuka polepole, kikaachia, kikapanda. Hakikutikisika. Alawa aliigusa saa kwa ncha ya kidole na gurudumu dogo likaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, nami nikamsikia Bi Wasila akishusha pumzi aliyokuwa ameibana bila kujua.

"Mwambie kijana atafute kwingine," alisema Alawa, akivua lenzi. "Na wewe nina ombi kwako. Ile taa ya darini, izimeni upande huu."

"Haiwezekani, ami. Safu nzima inawashwa na swichi moja."

"Basi waulize wa safu nzima."

Bi Wasila akatoka, akasimama katikati ya njia, akatuuliza kwa sauti, chumba kwa chumba. Kinyozi alisema yeye anahitaji mwanga, ila akiruhusiwa kuleta taa zake za zamani zenye kioo cha rangi, izimwe. Khemisi alisema izimwe tangu jana. Zamu yangu ilipofika, nilisimama na kiatu mkononi, nikasema izimwe, na nikauliza kama naweza kupaka ukuta wangu rangi ya samawati.