Beseni la Mlangoni

"Shemeji, zima pasi kwanza," mume wa dada yake alisema kwenye simu, na kabla hajaongeza neno, mdogo mtu alikwishajua. Ilikuwa saa nne asubuhi, yuko kazini kwa dobi, na shati la mteja limenyooka nusu. Alizima pasi. Akalikunja shati lile na makunyanzi yake, ndipo akaketi sakafuni. Dada yake hakuwepo tena.

Miaka sita alikuwa akiiogopa simu hiyo.

Dada mkubwa alikuwa fundi cherehani, mwenye mkono mnyoofu na ulimi mwepesi. Vidonda vya mdomo na homa vilipozidi kumwandama, alipimwa damu, na siku ya majibu nyumba nzima ilishika roho mkononi. Daktari akasema si saratani. Walimshukuru Mungu kwa sauti, hata yaliyofuata hawakuyasikia vizuri: kwamba chembe nyeupe za damu yake, zile zinazopigana na vijidudu, zilikuwa chache mno, na mchubuko ambao mwingine angeupuuza ungeweza kumuua yeye. Homa ikifika nyuzi thelathini na nane, asimeze kitu cha kuishusha. Aje hospitali saa ileile. Aliyeyashika maneno hayo ni mdogo mtu.

Yeye ndiye aliyeweka beseni na sabuni mlangoni. Hakuna aliyeingia bila kunawa, awe mteja au mchungaji. Majirani wakamwita dada mkubwa Mama Sabuni. Muuza vifungo alikuwa akisema kwamba kwa huyu mama hata salamu huoga kwanza, na mwenyewe alicheka kuliko wote.

Kila alfajiri, kabla ya kazi, mdogo mtu alipita na kipimajoto, akaandika namba daftarini.

"Mimi si chungu, mdogo wangu," dada yake alimtania. "Kila siku unanifunua kuona kama nimeiva."

Mdogo mtu alicheka, lakini moyo wake haukutulia mpaka namba itokee.

Mwaka wa sita kwaya ya kanisa iliagiza majoho thelathini. Jumatatu sindano ilimchoma dada kidole, akakinyonya, akaendelea. Jumanne, Jumatano na Alhamisi kipimajoto kilionyesha thelathini na saba kasoro. Mdogo mtu aliandika, akaenda kazini na wasiwasi uleule wa siku zote, asijue kwamba safari hii ulikuwa na sababu.

Ijumaa alichelewa kupita, akamkuta amejitanda shuka, jua limekwishapanda. Namba ilikuwa nzuri. Lakini jicho lake likaangukia joho lililokuwa kwenye mashine: mshono ulikwenda upogo. Dada yake hakuwahi kushona upogo hata siku moja.

"Dada, umemeza nini?"

Dada akatupia jicho kopo la vifungo kando ya mashine. Mdogo mtu akalifungua. Ndani mlikuwa na karatasi tatu za vidonge vya kushusha homa, tupu.

"Yalibaki majoho manne tu," dada alisema. "Nikimeza mapema, kipimajoto kinasoma vizuri. Sikutaka uache kazi."

Hawakubishana. Walifika hospitali adhuhuri; vijidudu vilikuwa vimeshaingia kwenye damu. Kesho yake dawa zilionekana kushika, akala kidogo, akamfukuza mdogo wake arudi kwenye pasi zake. Asubuhi ya Jumatatu akafariki.

Mdogo mtu alilifungua daftari mara nyingi siku ile. Namba zote zilikuwa za kweli, na zote zilikuwa zimemdanganya. Alimwomba Mungu amwondolee swali moja, kwa nini hakumgusa paji la uso kabla dawa haijafanya kazi. Hadi leo anaomba.

Mazishi yalikuwa Jumatano. Alilipiga pasi mwenyewe gauni la dada yake, la bluu, alilojishonea. Waombolezaji walipofika nyumbani, beseni lilikuwa palepale mlangoni. Hakuna aliyeambiwa kitu. Muuza vifungo alitangulia kunawa, na wengine wakafuata mmoja mmoja, wakaingia kumuaga Mama Sabuni kwa mikono yenye maji. Kwaya iliimba ikiwa imevaa majoho yale. Wanne walivaa ya zamani. Mchungaji akaomba, jeneza likashushwa, mumewe akatupa udongo, kisha mdogo mtu. Waliporudi, alimwaga maji ya beseni, akalifuta, akaliegemeza ukutani.