Mdarizi wa sweta aliyeufuta mchezo wake kwa kidole chake

Saa mbili kasoro robo asubuhi, mashine ya kudarizi inatoa mlio mmoja mfupi na kuanza kazi. Kwenye fremu imebanwa sweta ya kijani ya mwanafunzi, na kifuani mwa sweta hiyo nembo ya shule inaota taratibu: kwanza duara jeupe, halafu kitabu, halafu mwenge.

Mbele ya mashine amekaa msichana mrefu, mkasi mdogo unaning'inia shingoni kwa utepe. Uzi mwekundu unakatika. Mashine inasimama na kulia. Anaupitisha uzi tunduni kwa mara moja, anabonyeza, kazi inaendelea.

"Huyu mwekundu ana kiburi," anasema. "Mweusi utakaa naye mwezi mzima hamjagombana. Mwekundu kila saa anataka kubembelezwa."

Dukani na nyumbani wanamwita Kitufe. Ana miaka ishirini na sita, na kwa miaka minne amekuwa akidarizi nembo za shule, majina ya mahoteli kwenye taulo na maua ya mashuka ya maharusi. Kwa muda uleule, kazi ikiisha, amekuwa akitengeneza mchezo wa simu peke yake, kwenye kompyuta ileile inayochora nembo hizo.

Anataka awe mchoraji wa michezo. Yaani yule mtu anayechora watu, nyumba, ngazi na vivuli unavyoviona kwenye kioo wakati wewe umeshughulika kubonyeza.

Wiki chache zilizopita kazi yake yote ya miaka hiyo aliifuta mwenyewe, siku tano kabla ya kwenda kuionyesha kwa watu ambao wangeweza kumwajiri. Leo anaisimulia huku anacheka. Siku ile, wee! Hakuna aliyecheka.

Jina la Kitufe alipewa na kaka yake, ambaye sasa ni fundi simu. Walipokuwa wadogo, kaka na wenzake walikuwa wakicheza mpira wa kwenye televisheni, na dada mtu akawa analia apewe angalau kitufe kimoja abonyeze. Wakampa padi nzima ya kuchezea. Hawakuichomeka.

"Alibonyeza miezi," anasema kaka huyo bila aibu. "Goli likiingia anaruka, anasema amefunga yeye. Sisi tunampongeza."

"Nilikuwa mfungaji bora," anadakia Kitufe. "Nilipoifuata ile waya nikakuta ncha yake iko chini ya kochi, nilikaa siku mbili sisemi na mtu."

Mpaka leo anacheza, asikudanganye mtu kwamba siku hizi ni kuchora tu. Kila Jumapili mchana yuko sebuleni kwa kaka yake, wifi akipita na kupita akiuliza hawa watu watakula saa ngapi. Tatizo ni namna anavyocheza.

"Ukipangwa naye timu moja umekwisha," analalamika kaka. "Vita imepamba moto, watu tunakufa, yeye kasimama anaangalia ukuta."

"Ukuta ulikuwa na ukungu pembeni, karibu na bomba," anajitetea Kitufe. "Kuna mtu alikaa kitako akauchora ule ukungu, Kaka. Nisipouangalia mimi, nani atauangalia?"

Mchezo wake mwenyewe hauna vita. Ni habari ya bibi mmoja anayetafuta miwani yake nyumba nzima, chini ya vitanda, ndani ya sufuria, juu ya kabati, huku miwani yenyewe kaipandisha kichwani. Mchezaji anaiona. Bibi haioni. Raha yote iko hapo, kwamba unamsaidia mtu kutafuta kitu ambacho wewe unakiona waziwazi na huna njia ya kumwambia.

Bibi huyo hakutoka hewani. Ni shangazi yake Kitufe, dada wa baba, mwenye kishindo chake na mwendo wake wa kutangulia na bega moja. Kila aliyemwona kwenye kioo alimtambua kabla hajafungua mdomo.

Mchoro mmoja hauzidi rangi sita. Hiyo kaipata kazini. Mashine ya duka ina sindano sita, na mteja akileta nembo ya rangi kumi na moja ni lazima akae nayo aipunguze mpaka ienee bila kupoteza sura. Mkono ukishazoea hivyo, umezoea.

Kompyuta ilikuwa ya duka kwa sababu nyingine hakuwa nayo. Hata iliyotumika ingekula mishahara yake ya miezi minane, na hapo yeye mwenyewe asile. Mwenye duka, mama wa makamo anayeitwa Bosi hata na wateja, alimpa ruhusa mapema.

"Nilimwambia ukimaliza sweta zangu, kompyuta ni yako mpaka nifunge mlango," anasema Bosi. "Bora acheze hapa nikimwona."

"Sichezi, Bosi. Nachora."

"Unachora, unacheza, mimi nitajuaje? Macho mnakodoa yaleyale."

Basi msiba ulianzia kwenye wema huo. Kompyuta ilijaa, ikawa inafungua nembo moja kwa dakika tele, na Bosi akaguna. Kwa heshima, Kitufe akauhamishia mchezo wote kwenye flashi: michoro, mpangilio, kila kitu. Alikusudia anunue flashi nyingine aweke nakala. Alisema kesho. Kesho yake akasema kesho.

Sasa, namna kazi ya duka inavyokwenda ni hivi. Nembo inachorwa kwenye kompyuta, inawekwa kwenye flashi, flashi inachomekwa kwenye mashine. Mashine ya kudarizi inaelewa lugha moja tu, ya mishono. Ikikuta kitu kingine inasema haikisomi, na inauliza kama isafishe. Wadarizi wote wamezoea kubonyeza ndiyo, kwa sababu siku zote kilichomo ni takataka za mteja aliyeleta nembo kwenye flashi yake ya nyimbo, na nakala yake imeshachukuliwa.

Flashi ya mchezo na flashi ya nembo zilitoka pakiti moja. Zote nyeusi. Asubuhi ile kulikuwa na sweta mia tatu zinazotakiwa shule ikifunguliwa, na mwalimu mkuu alikuwa kwenye simu anauliza ziko wapi. Mashine ikauliza swali lake. Kitufe akabonyeza ndiyo kama mtu anavyoitikia salamu.

"Nilijua kabla sijanyanyua kidole," anasema. "Nembo za shule zote nilizichora mimi. Mashine isingeshindwa kuzisoma. Nikajua hii siyo ile."

Bosi alikuwa anapima kitambaa. Aliposikia kimya akageuka. "Nilidhani kafiwa. Nikamkalisha juu ya gunia la sweta, nikamwambia sema, nani? Ananionyesha flashi."

Bosi ndiye aliyechukua simu akamwambia mwalimu mkuu mashine imeharibika, sweta zitachelewa. "Nilidanganya, Mungu anisamehe. Lakini ilikuwa imeharibika kweli. Si ilikuwa imemharibia mtoto wangu?"

Kaka aliitwa akaja mbio na kibegi chake cha bisibisi. Aliikalia flashi ile mpaka mchana, akainua mikono. Mashine ilikuwa haikufuta tu. Ilikuwa imejipangia humo makabati yake upya, juu ya kila kilichokuwemo. Maji yalikuwa yameshamwagika.

Kitufe anakumbuka alichokiwaza. Hakuwaza ajira. Alimwaza bibi wa kwenye mchezo, kwamba yule ni mtu aliyemchora mpaka mikunjo ya viwiko, na sasa hayupo popote duniani.

Ndipo kaka akauliza swali la maana: nani ana mchezo huu kwenye simu? Maana mchezo ukishawekwa kwenye simu, picha zake zimo ndani, zimefungwa pamoja, na anayejua kufungua anaweza kuzitoa. Kitufe alikuwa na desturi ya kuwapa ndugu na marafiki kila hatua mpya waijaribu. Walianza kupiga simu mmoja baada ya mwingine. Binamu: aliufuta. Rafiki wa kike: simu iliibiwa. Jirani: aliufuta.

"Na wewe?" Kitufe alimuuliza kaka yake.

Kaka akaangalia bisibisi zake. "Simu ilijaa."

Akabaki mtu mmoja ambaye hawakumfikiria, kwa kuwa wote waliamini hajui hata kuongeza sauti kwenye simu yake.

Sebule ya Shangazi ina makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma na televisheni ambayo haizimwi. Waliingia wote watatu, Bosi akiwa wa tatu, amefunga duka mchana kweupe, kompyuta ya duka kwapani.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Mbona mmekuja kama mnaoleta posa? Kaeni basi."

Kitufe akamuuliza kama ule mchezo bado anao. Shangazi akaikumbatia simu kifuani.

"Mnataka kuninyang'anya?"

Alikuwa nao. Wa hatua ya mwisho kabisa, ule Kitufe aliomwekea wiki mbili kabla. Zaidi ya hapo, alikuwa anaucheza kila siku baada ya chai, na alikuwa amewaonyesha wanachama wote wa kikundi chake cha akina mama kwamba huyu hapa ni yeye, kachorwa na mtoto wa kaka yake. Simu ilipoanza kulia kwamba imejaa, alikataa katakata kuugusa.

"Sasa ulifuta nini?" kaka akauliza huku anachomeka waya.

"Nilifuta picha za harusi."

"Harusi ya nani?"

"Ya kwako," akasema Shangazi. "Si mlipiga nyingi? Na mke bado unaye, hajapotea."

Bosi alicheka mpaka akashika ukuta. Kitufe hakucheka wala hakulia. Aliketi sakafuni miguuni kwa Shangazi, akaegemeza kichwa kwenye goti lake, na akakaa hivyo mpaka kaka aliposema, "Huyu hapa, katoka." Bibi alikuwa kwenye kioo cha kompyuta, mzima, miwani kichwani. Pumzi aliyoishusha Kitufe, anasema kaka, ilisikika mpaka jikoni.

Lakini kilichorudi hakikuwa chote. Mchoraji wa michezo huchora kwa matabaka: mwili peke yake, nguo peke yake, kivuli peke yake, ili akitaka kubadilisha kimoja asiguse kingine. Picha zilizotoka kwenye simu zilikuwa zimeshagandishwa kuwa kitu kimoja. Na kampuni ya michezo iliyomwita ilikuwa imetaka ione vyote viwili, mchezo wenyewe na matabaka yake.

Alikwenda hivyo hivyo. Chumba kilikuwa na meza ndefu, kompyuta zimepangwa ubavu kwa ubavu, na watu waliovaa vipokea sauti masikioni. Mkuu wa wachoraji, mwanamama mwenye sauti ndogo, aliucheza mchezo kwa muda, akatabasamu, halafu akamwambia: "Mbadilishie bibi gauni. La bluu liwe la njano."

Kwa mwenye matabaka hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kitufe angeweza kutafuta visingizio. Ila mficha uchi hazai. Akasema ukweli wote: sweta, mwalimu mkuu, flashi mbili nyeusi, kidole.

Kisha kijana wa meza ya pembeni akavua vipokea sauti akasema yeye mwaka juzi aliimwagia chai kompyuta yenye joka lake. Mwingine akasema mchezo wake ulikwenda na mwizi. Hata mwanamama mkuu akakiri kuwa aliwahi kuhifadhi msitu mtupu juu ya msitu wenye wanyama. Ikawa kama kikao cha wafiwa, kila mtu na wake, na vicheko juu.

"Basi mchore tena," mkuu akamwambia. "Hapa hapa. Nataka nione kama unamjua."

Alimchora. Bega likatangulia, gauni likaja la njano, rangi hazikuzidi sita. Alipomaliza hawakuwa wameenda kula bado. Anasema katikati ya kazi hofu ilimtoka, kwa sababu mkono ulikuwa unakwenda wenyewe bila kumuuliza.

Siku ya tatu simu ikalia dukani. Amepata nafasi ya mchoraji mwanafunzi, kwa mwaka mmoja, mshahara ukizidi kidogo ule wa sweta. Anaanza mwezi ujao. Bosi alipoambiwa alikunja sweta mbili ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Nimefurahi," anasema sasa. "Ni furaha yenye hasara, lakini ni furaha. Nitampata wapi mwingine wa kumbembeleza huyo mwekundu?"

Kitufe bado anamfundisha mwenzake atakayemrithi. Somo la kwanza lilikuwa flashi: ya nembo imezungushiwa uzi mwekundu, na hakuna flashi ya mtu binafsi inayoruhusiwa kusogelea mashine. Mchezo wake sasa uko sehemu nne, mojawapo ikiwa kwa Shangazi, ambaye anajiita mtunza hazina na anatoza soda.

Kampuni inatengeneza mchezo mkubwa utakaotoka mwakani. Kitufe ameshaambiwa atakachofanya: atachora kuta. Wengine wangenuna. Yeye aliposikia aliomba arudiwe, apate kuamini.

Na mwishoni mwa mchezo, kama ilivyo kawaida, majina ya walioutengeneza hupanda taratibu kwenye kioo kimya, kuanzia wakubwa mpaka wanafunzi. Wachezaji karibu wote hubonyeza wayaruke.

"Mimi tangu mdogo siyaruki," anasema. "Nayasoma yote, hata yale ambayo siwezi kuyatamka. Na langu likifika siku hiyo, nitawakusanya sebuleni kwa kaka: Baba, Shangazi, Bosi, wifi, wote wakae. Litakuwa chini kabisa, huko kwa wachora kuta. Tutalisubiri."