Kengele ya Mwisho wa Mstari

Ninaikumbuka ile kengele kuliko sauti ya mama yangu, Mungu anisamehe. Taipureta zetu zililia kila ulipokaribia mwisho wa mstari, nawe ukasukuma mkono wa chuma, karatasi ikapanda, ukaanza mstari mwingine. Aliyenifundisha ni dada mmoja wa Kipemba, mwenzangu wa meza ya pili katika ofisi ya umma pale Tanga. Alinifunika mikono kwa kanga yake nisitazame herufi. "Kengele isikilize," alikuwa akisema, "macho yaache kwenye barua."

Ilikuwa miaka ya dhiki. Karatasi ya kaboni ikichakaa tuliipitisha juu ya jiko la mkaa ipate uhai, na utepe wa wino tuliudondoshea mafuta ya cherehani. Njaa niliijua vizuri, lakini ningepewa nafasi ningerudi kesho.

Kisha biashara ikaruhusiwa, maduka yakajaa, na waraka ukaja kutoka wizarani: kila mpiga chapa ajifunze kompyuta, atakayeshindwa mtihani apunguzwe kazini. Waraka ulikuwa mzuri sana. Kompyuta ilikuja moja. Tukavua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini, tukagawanywa, mimi kundi la asubuhi, yeye la mchana. Na mchana ndipo mgao wa umeme ulipotukuta, wiki nzima. Kundi lake likafundishwa kwa karatasi ya manila iliyochorwa vitufe. Watu wazima wakawa wanagonga karatasi.

Asubuhi ya kwanza mwalimu alituambia mashine hii haina kengele, mstari ukijaa unashuka wenyewe, tusibonyeze kitu. Saa ya chakula mimi na dada tulikula mihogo na samaki sahani moja, kama siku zote. Ningemwambia. Lakini ilisemekana kati ya meza zetu mbili itabaki moja, basi nikajifanya nina mwiba wa samaki kooni. Siku ya pili vivyo hivyo. Nilikuwa mwoga, na woga wangu nikauita kusahau.

Siku ya mtihani umeme ulikuwepo. Alianza kwa kasi kutupita sote, kisha akasita, akatega sikio. Akasubiri. Mwishowe akawa anakisia, anakata mstari hapa, anakata pale, na barua yake ikatoka kama mkeka ulioliwa na panya.

Alipokuwa akifunga vitu vyake aliniuliza, "Mdogo wangu, nyie wa asubuhi mliambiwa habari ya mstari?"

"Hatukuambiwa, dada."

"Basi umeng'amua mwenyewe. Mie nilijua una akili."

Akanitengeneza ukosi wa blauzi, akaniombea dua, akaenda zake. Nilisikia amerudi Pemba. Nina hamu naye mpaka leo, hamu inayouma, na ile kanga yenye harufu ya sabuni ya mche.

Siku hizi nafundisha kompyuta Chumbageni, hapa hapa Tanga. Mwanafunzi hajakaa sawasawa kitini, nishamwambia kwamba mstari unashuka wenyewe. Vijana hucheka, maana hakuna aliyeuliza.