Mikono ya Rehemah, Mkandaji wa Koboko

Koboko, mji wa Uganda mpakani na Kongo, mwanamke akijifungua, anayeitwa ni Rehemah. Huja na beseni na taulo nzito, huchemsha maji, akamkanda mzazi tumbo mpaka lirudi mahali pake. Régine, muuza vitenge aliyetoka Kongo, alikandwa naye mara nne, tangu Dieumerci, kifungua mimba wake, hadi kitinda mimba. Hakuwa na ndugu upande huu wa mpaka, basi alimwita Rehemah yaya, dada mkubwa. Hata alipohamia Mvara, kule Arua, hakuacha kumwita.

Ndiyo maana tumbo lilipoanza kujaa bila mimba hakwenda hospitali. Alimwita yaya wake. Rehemah akasema ni gesi, akamkanda wiki sita. Wiki hizo hakuna aliyemlaumu kwazo ila yeye mwenyewe.

Mwishowe wakaenda hospitali, ikasema ni saratani ya ovari, nayo imeshasambaa tumboni. Régine akatundikiwa dripu za dawa, mizunguko mitatu, nywele zikaisha. Kisha akaja daktari wa upasuaji kutoka Kampala, Daktari Candia, na mashine yake. Akawaeleza Régine na Rehemah: atapasua, ataondoa kila uvimbe unaoonekana, halafu kabla ya kushona atazungusha mle tumboni dawa ya saratani yenye joto la homa kali, kwa muda wa saa moja na nusu, iue chembe zisizoonekana.

Rehemah akamwambia daktari kuwa wanawake wa Koboko walijua hayo zamani, walikosa mashine tu.

Daktari alicheka. "Mama, wewe unakanda nje. Mimi nakanda ndani."

Siku nne nzima Régine aliwatambia wagonjwa wenzake kwamba yeye atakandwa ndani, wao wabaki na taulo zao.

Siku ya upasuaji Rehemah alijiandaa kungoja mpaka jioni. Haijafika saa tano asubuhi, daktari alikuwa ameshatoka. Alisema taratibu. Vivimbe vimetapakaa juu ya utumbo mwembamba wote kama punje za simsim zilizomwagika. Kuviondoa ni kuuondoa utumbo, na bila utumbo mtu haishi. Dawa ile ya moto hupenya milimita chache tu. Uvimbe ukibaki, haiufikii. Kwa hiyo wamemshona bila kuimwaga.

Rehemah akauliza afanye nini sasa. Daktari akamwambia akae naye.

Alasiri Régine alizinduka.

"Yaya, walimwaga dawa?"

"Hapana, Mama Dieumerci."

Régine aliisogeza shuka pembeni.

"Basi unikande wewe. Maji ya moto iko?"

Yalikuwepo. Muuguzi alikuwa ameonya kidonda kisiguswe, na Rehemah hakuhitaji kuonywa. Alilowesha taulo, akalikamua, akasimama nalo, kwa mara ya kwanza maishani asijue pa kuliweka. Akaanzia nyayo. Akakanda vifundo, akapanda miguu polepole, ili asifike tumboni.

"Juu kidogo, yaya."

Akafika magotini.

"Juu."

Akarudi kulowesha taulo.