Mke wangu alianza kumshonea podo rafiki yangu, mimi nikaenda kununua langu kwa wivu

Wakuu habari za saa hizi, na dada zetu mliomo humu nawasalimu.

Leo nimekuja na jambo langu mwenyewe. Sijasimuliwa na mtu, na sitaongeza chumvi, maana hata bila chumvi linaniwasha mpaka sasa.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa giaboksi, nipo Sakina, barabara ya kwenda Nairobi. Kwetu ni Kikwe, Mmeru kabisa. Jumapili baada ya ibada huwa naenda nyumbani kulenga shabaha kwa upinde, mimi na washikaji wachache. Tunajaza gunia maganda ya mahindi, tunachora duara kwa mkaa, tunapiga mishale mpaka njaa itufukuze.

Ni upinde wa mti, wa kienyeji, siyo ile yenye magurudumu mnayoiona kwenye video. Na kabla hamjanianza: tukiwinda, tunawinda nguruwe pori wanaomaliza mashamba ya watu, kwa kibali, na sumu hatutumii. Hilo tulimalize hapa hapa.

Sasa tuje kwenye podo, ule mfuko wa kubebea mishale.

Mtu ambaye hajawahi kuwinda anadhani kitu kikubwa ni upinde. Muulize aliyewahi kukaa pembeni ya shamba, nguruwe yuko karibu, halafu mishale ikagongana mgongoni kwake.

Podo langu la kwanza nililitengeneza gereji. Bomba la plastiki la maji machafu, chini nimeziba kwa kifuniko, mkanda nimetumia wa siti ya gari. Nililipenda sana. Shida ilikuwa kelele, ukitembea mishale inacheza humo ndani kama vijiko kwenye sufuria. Washikaji wakanipa jina la Mwenye Bendi.

Basi msimu huu uongozi wa kijiji ukatuomba msaada. Nguruwe walikuwa wanatoka korongoni na kushinda kwenye mahindi mabichi, likiwemo shamba la mama yangu. Kibali kikatoka. Nikasema safari hii natafuta podo la maana.

Hapa naomba mnielewe vizuri.

Mke wangu, Mama Neema, ni fundi ngozi. Ana chumba cha kazi Kaloleni, anashona mikanda, makobazi, pochi, mpaka kola za mbwa. Mchaga, kwa hiyo biashara sihitaji kuwaeleza. Lakini akilini mwangu yeye na podo havikuwahi kukaa sehemu moja. Yeye ni wa viatu. Podo ni mambo yetu ya porini.

Mwenzangu akawaza tofauti.

Mwenzangu huyo ni Loma. Mwarusha, kwao ni upande wa magharibi wa mlima, ana ng'ombe na ana mabega. Nayataja mabega kwa sababu yanahusika. Ni rafiki yangu tangu ujanani, alisimama ubavuni kwangu siku ya harusi. Mke wangu anamwita shemeji, na yeye hivyo hivyo.

Siku moja nikafunga gereji mapema, nikapita Kaloleni nimchukue mama watoto twende nyumbani. Nasukuma mlango, namkuta Loma amesimama katikati ya chumba, mkono wa kulia ameupeleka nyuma ya shingo. Mke wangu yuko mgongoni kwake, anamzungushia futi kutoka begani, inapita kifuani, inaenda kuishia kiunoni.

Mdomoni ana chaki, hawezi kuongea. Anamgeuza kwa viganja. Kushoto. Kulia. Anarudi nyuma kumtazama, anamsogelea tena.

Alipoitoa chaki akaniambia, "Karibu Baba Neema, umekuja wakati mzuri. Nishikie huu mwisho wa futi hapa begani kwake."

Wakuu, nikashika.

Mwanaume mzima nimeshika futi, mke wangu anampima mwanaume mwingine kifua. Na Loma ananielekeza, eti mkanda wa podo ukiwa mfupi manyoya ya mishale yanapanda juu ya kichwa na kukwama kwenye migomba, ukiwa mrefu mkono haufiki. Kwa hiyo lazima upimwe mwilini, tena ukiwa umeinua mkono kama unachomoa.

Ni kweli tupu. Ndiyo iliyoniuma zaidi, sikuwa na pa kushika ili nikasirike kwa haki.

Najua kuna watakaosema nina roho ndogo. Sawa. Ila kabla hujaandika hivyo, jiweke pale mlangoni kwanza.

Kuanzia siku hiyo podo la Loma likahamia kwangu. Ngozi ya mbuzi, manyoya yameachwa kwa nje. Jioni Mama Neema anakaa sebuleni anaisugua kwa mafuta ilainike, mimi nakula ugali wenye harufu ya podo la Loma. Mara anauliza mishale ya Loma ina urefu gani. Mara Loma anavuta kwa vidole vingapi. Mara Loma hutembea ameinama au amenyooka. Namjibu sijui, kamuulize mwenyewe. Na kweli anachukua simu anamuuliza.

Usingizi ukawa wa kuokoteza. Nilikuwa nalala nikiyaona yale mabega.

Nikaingia online kutafuta langu. Humu humu niliuliza, kuna mkuu mmoja akanishauri vizuri sana. Akasema la kiunoni linamfaa mtu anayekaa kusubiri, ila liwe fupi, ukipiga goti lisiguse chini. Akasema lolote nitakalochukua, chini liwe na ngozi ngumu ncha za chuma zisitoboe, na ndani niweke sufi kidogo ili mishale isiongee. Kikubwa nilivae kwanza ndipo nilipe.

Ushauri wa bure, wa mtu anayejua. Sikuufuata hata nusu yake.

Mimi nilikuwa na sharti moja tu, liwe kubwa kuliko la Loma.

Nikalipata mjini kwa jamaa anayeleta vitu vya nje. La kiunoni, jeusi, vishikizo vya chuma, kifuniko cha zipu, na mifuko ya pembeni ambayo mpaka leo sijui ni ya kuwekea nini. Jamaa akataka nilijaribu, nikamwambia fungasha. Nyumbani nikalivaa, nikapita nalo mbele ya Mama Neema kama ninayetafuta kitu.

Akaliangalia. Akauliza, "Umenunua?"

Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye ngozi yake. Nilitaka aumie, hakuumia, au kama aliumia alimeza.

Siku ya kuwinda tulifika Kikwe jua likiwa bado lipo. Tukajipanga pembeni ya mahindi. Mimi nikapewa upande wa korongo, ndiko nguruwe wanakotokea, kwa sababu shamba ni la kwetu. Loma wakamtupa kule kwenye migomba. Nikafurahi moyoni, nisiwafiche.

Haikuchukua muda likatoka dume moja zito, linanusa, upepo unatoka kwake unakuja kwangu. Mahali ambapo hata mtoto angempata. Nikashuka goti polepole.

Podo likatangulia kufika chini kabla ya goti. Mishale ikaruka juu ikagonga kifuniko, vishikizo vikalia. Nikapeleka mkono haraka kuchomoa mshale, mkono ukakuta zipu.

Nguruwe hakukaa kunisubiri nifungue zipu. Akakata kona kuelekea migombani. Tulisikia majani yanapasuka, halafu kamba ya upinde mara moja, halafu kimya. Podo la Loma lenyewe halikusema kitu.

Watu wakaja, shangwe, akina mama na wapagazi wa nyama wote wapo. Sasa Loma angejisifu ningepata nafuu. Lakini hakujisifu. Akalivua podo akawapa watu walitazame. "Ero, rafiki yangu, mimi nimeachia tu," akasema. "Hii ni kazi ya shemeji."

Likapita mkono kwa mkono mpaka likamfikia mama yangu mzazi. Akaingiza kiganja ndani, akagusa sufi iliyotandikwa humo. Akavuta mshono, haukulegea. Akarudisha macho kwangu, kwenye yale mazipu.

"Na wewe," akauliza, "mke wako hajakushonea?"

Mbele ya kijiji kizima.

Fungu langu la nyama nililiacha pale pale kwa mama. Nikarudi Sakina nimevimba.

Nikamlipukia Mama Neema bila hata kuvua viatu. Nikamuuliza kwa nini Loma kwanza. Akasema Loma alikuja kuomba. Nikamuuliza kwa nini alimshika vile. Akauliza, vile vipi? Nikaanza kumwonyesha kwa mikono hewani, na nilivyokuwa naonyesha nikajiona naonekana kichaa. Akaniambia amechoka, ana oda za watu, akaenda kulala.

Zikafuata siku za kuongea mambo ya ada ya shule na gesi tu. Mlio kwenye ndoa mnazijua siku hizo.

Jumamosi moja asubuhi nikamkuta uani ametandika ngozi juu ya meza. Ngozi mpya ya mbuzi, nyeusi ina mabaka meupe. Hakuniita, hakunieleza. Akakata mfuko. Akakata kipande kigumu cha ngozi ya ng'ombe cha kuweka chini. Halafu akavuta ule mkanda mrefu, akauangalia kidogo, akaweka kisu, akakata.

Bila futi.

Wakuu, wivu wote ukarudi pale pale, tena na nyongeza. Nikaona huyu ananifanyia bora liende, ananiziba mdomo. Loma kapimwa kama anayeshonewa suti, mimi nakatiwa kwa kukisia.

Nikamwambia, "Loma ulimpima mpaka kwapani. Mimi hata futi hunichukulii?"

Hakuinua kichwa.

"Loma namjulia wapi?" akasema. "Wewe nikupime nini?"

Akaendelea kutoboa matundu ya mshono.

Jioni akanivisha mwenyewe. Mkanda ukalala kifuani, podo likatulia mgongoni, nikainua mkono na vidole vikakuta manyoya ya mshale pale pale. Hakurekebisha popote. Akanipiga kofi dogo la mgongo akaingia jikoni.

Funzo nililolipata: ukitafuta podo, sahau ukubwa na mbwembwe. Angalia mkono unafika wapi, goti linashukaje, na mishale inapiga kelele kiasi gani. Na usichague kitu chochote cha mwilini mwako huku unamwangalia mwanaume mwenzako.

Ila nisiwadanganye kwamba nimepona. Loma kanipigia, ana kaka yake anataka podo, na huyo kaka nasikia mabega yamezidi ya Loma. Nimeshamwambia anijulishe siku ya kupimwa, nitakuwepo, na mwisho wa futi nitaushika mimi.

Wenye wake mafundi cherehani, mafundi viatu, wasusi, manesi, hebu shukeni hapa chini. Nyie mnalalaje?