Popo wa Darini na Swali Aliloliruka

Saa mbili asubuhi, miguu miwili inaning'inia kutoka kwenye dari ya ofisi ya malipo ya hospitali. Kiwiliwili hakionekani. Vumbi linadondoka kwenye sakafu iliyopigwa deki sasa hivi, na mama aliyeipiga deki amesimama chini, ameng'ang'ania ngazi kwa mikono miwili.

Miguu hiyo ni ya fundi wa mtandao wa kompyuta ambaye wenzake wanamwita Popo, kwa kuwa maisha yake yako darini. Mama wa deki ni mimi ninayeandika. Popo ni binti yangu wa kwanza, ana miaka ishirini na sita, na mpaka leo akipanda ngazi moyo wangu unapanda naye.

Naandika kwa ajili ya wazazi wenzangu ambao watoto wao wanatafuta cheti cha kompyuta, na nyumbani hakukaliki kwa kubishana wajisomee au walipie darasa. Mimi niliishia shule ya msingi. Lakini hili limepita sebuleni kwangu, nawaonya mapema.

Kwanza mmjue fundi mwenyewe. Kazi yake ni kuvuta kebo zinazounganisha kompyuta za jengo zima. Niliwahi kumwona akipitisha vidole kwenye fungu la kebo nene kama paja la mtoto, akavuta moja, akasema hii inakwenda maabara. Akaichomoa. Papo hapo maabara wakapiga simu kulalamika. Nilisimama na ndoo yangu mkononi nikajiuliza, huyu kweli ndiye niliyekuwa namfunga kamba za viatu?

Mwaka jana kampuni inayomwajiri ilitangaza kwamba mkataba mpya ukianza, atakayegusa mitambo ya mtandao awe na cheti cha mtihani, ule unaofanywa kwenye kompyuta. Asiye nacho atabaki kubeba ngazi za wenzake, au aage.

Mjomba wake akasema wazi kwamba dawa ni darasa. Ada ya darasa ilikuwa inameza mishahara mitatu ya Popo. Popo akacheka. Akauliza alipie mtu amfundishe kebo anazolala nazo? Mjomba akamjibu kwamba hata yeye ana meno tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumwita daktari wa meno.

Popo akachagua kujisomea. Alipakua masomo kwenye simu, na kila akitoka kazini alitandaza vizibo vya soda kwenye meza ya kulia, akaviunganisha kwa uzi wa kushonea. Mwanafunzi wake nikawa mimi.

"Mama, hiki chekundu ni swichi. Kinajua kila kompyuta ya humu ndani inakaa wapi."

"Na hiki kilichopinda?"

"Hicho ni rauta. Chenyewe kinajua njia ya kutoka nje."

Niliviangalia vizibo vile nikaona hospitali nzima imekaa juu ya meza yangu, wodi kwa wodi, na mwanangu ameinama juu yake kama aliyeijenga. Siwezi kuwaeleza nilivyojisikia. Hata vyombo niliacha kuvitoa, nikaogopa kukata uzi.

Siku ya mtihani aliingia akitabasamu. Alitoka amefeli, kwa alama chache tu.

Kompyuta ilimwonyesha alikoangukia. Kwenye kebo, juu. Kwenye anwani za mitambo, juu. Aliporomoka kwenye sehemu ya hatua za kutatua tatizo. Swali moja bado analikumbuka: mfanyakazi amesema kompyuta yake haipati mtandao, utaanza na nini? Popo alichagua kukagua kebo. Jibu lilikuwa kumuuliza mfanyakazi kilichotokea.

Nikamuuliza, kwani hilo halikuwemo kwenye masomo yake? Akainamisha kichwa. "Lilikuwemo, mama. Nililiruka. Niliona ni maneno tu."

Hapo ndipo ninapowaonya. Anayejisomea ndiye mwalimu, na yeye mwenyewe ndiye mwanafunzi mtoro. Atakimbia somo asilolipenda na hakuna atakayeita jina lake. Wangu ni hodari wa mikono, akaruka somo la mdomo.

Lakini msikimbilie kufungua mikoba mkalipe ada. Fundi mwenzake, wanayemwita Tai kwa sababu hata kwenye ngazi hupanda na tai shingoni, alilipia darasa zima. Hakukosa siku. Mwisho akapewa karatasi yenye mhuri wa dhahabu, akaiwekea fremu, akawanunulia soda mafundi wote. Alipoipeleka ofisini wakamwambia hiyo ni ya kuhudhuria. Mtihani wenyewe hajaufanya, na ada yake haikuwa ndani ya ile aliyolipa. Jamani, ulizeni kabla ya kulipa: mwisho wa darasa hili mtoto atashika karatasi gani?

Mafundi walimtania Tai mpaka akawa anakula chakula cha mchana peke yake. Popo ndiye aliyekwenda kukaa naye. Tai akampa fununu kwamba pale chuoni aliposomea unaweza kulipia Jumamosi za mazoezi peke yake.

Popo akaenda. Mwalimu ni mama mmoja mkali, hujifanya karani aliyekwama na kompyuta, nawe umsaidie. Mara tatu Popo alirukia nyaya. Mara tatu akarudishwa mlangoni aanze upya. "Wewe fundi," mwalimu akamwambia, "mikono mfukoni. Uliza."

Na leo, pale ofisi ya malipo, miguu inayoning'inia inatulia ghafla. Sauti inatoka darini: "Nimesahau tena."

Popo anashuka, anajipangusa vumbi, anaingiza mikono mfukoni. Anamgeukia karani ambaye kompyuta yake imekata mtandao. Anamuuliza mara ya mwisho ilifanya kazi lini. Jana jioni. Na tangu hapo umebadilisha nini?

Karani anafikiri. "Hakuna. Labda meza tu. Niliisogeza nipate upepo wa feni."

Popo anapiga magoti. Mguu wa meza umekanyaga kebo. Anauinua, anabadilisha kipande kilichopondeka, na mtandao unarudi. Foleni ya wagonjwa inasogea. Nimemwona akifanya mengi makubwa juu ya dari, lakini hili la kuuliza limenizidi. Nimeacha ngazi, nimeshika kidevu.

Atarudia mtihani mwezi ujao, na Tai atakuwa kwenye kiti cha jirani. Anasema akipata cheti hataacha kupanda dari, ila anataka siku moja awafundishe mafundi wapya, na somo la kwanza litakuwa lile aliloliruka.

Wiki hii nilikuwa sili vizuri. Zamani angeniletea dawa ya kichwa akapita zake. Safari hii alivuta kiti, akaingiza mikono mfukoni.

"Mama, ilianza lini?"

Nikamwambia hofu ilianza siku ya kwanza alipopanda ngazi. Alibaki amekaa, akasubiri nimalize.